Nailoni ya Dirisha la Mama

Baba yangu hakuamini katika kutoa nailoni. Friji letu lilifanya kazi miaka mingi likiwa limevaa ile nailoni ya bluu ya kiwandani, imechanikachanika kwenye mpini, na aliyejaribu kuimalizia aliulizwa kama friji ni lake. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko ukafungwa kwa mpira, na mpira ulipokatika ulitafutwa mwingine kabla ya taarifa ya habari. Saa ya ukutani tuliisoma kupitia nailoni iliyofanya mapovu, kwa hiyo nyumbani kwetu, kati ya saa nne na saa tano, palikuwa na muda ambao hakuna aliyeujua vizuri. Kitu kikivuliwa kinaanza kuzeeka, alisema baba. Alikuwa fundi seremala. Nusu ya watu wa mtaa wetu hapa Tabora walipanga vyombo vyao kwenye makabati aliyoyatengeneza yeye, na kwake hapakuwa na kabati la vyombo. Vyombo vyetu vizuri vilikaa kwenye boksi chini ya kitanda, vikisubiri wageni wa maana. Wageni walikuja wengi, lakini inaonekana hawakuwa wa maana.

Kitu kipya pekee alichokivaa siku ileile kiliponunuliwa ni sanda yake.

Simkejeli. Nilimpenda sana, na mimi mwenyewe nikinunua kitu kipya mkono unasita kuivua nailoni yake. Nayasema haya ili ieleweke tuliyoyakuta stoo.

Baba alipofariki, mama aliingia eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila mapambo, bila manukato, bila safari zisizo za lazima. Mimi nilikuwa nimestaafu ualimu Nzega, wanangu wanajitegemea, na ndugu walipogeuka wote kuniangalia nilijua nimeshachaguliwa. Nikafunga begi nikarudi kukaa na mama.

Eda ya mama ilikuwa kali kuliko ilivyoandikwa. Shehe wa msikiti wetu alituma salamu kwamba hakuna ubaya akikaa uani kupata hewa. Mama alijibu kwamba yeye ndiye aliyemfulia shehe yule kanzu akiwa bado anavuta kamasi, na hawezi kufundishwa eda na mtu wa namna hiyo. Uani kwetu kuna vyumba vya wapangaji, na wawili kati yao ni vijana wanaokwenda bafuni na taulo kiunoni. Mama akakata shauri kukaa chumbani mwake, na alipokata shauri mama, hapo palikuwa mwisho wa mazungumzo.

Chumba chenyewe kina dirisha moja la mbao linalofungukia barabarani. Barabara hiyo, wanasema wanaowasimulia wageni, ndiyo waliyopita wapagazi na misafara yao wakielekea Ujiji. Siku hizi wanapita bodaboda na wauza karanga. Mbao zikiwa wazi, kichwa cha mpita njia kinafika ndani kabla ya hodi. Kwa hiyo dirisha lilifungwa siku ya kwanza ya eda, na mama akabaki na taa ya umeme, ambayo alisema inadanganya rangi ya uzi.

Uzi ulikuwa wa kofia. Mama ni mshonaji wa kofia za mkono, zile za kitambaa cheupe kinachotobolewa matundu madogomadogo kwa kufuata mchoro, na kila tundu linazungushiwa uzi ukingoni mpaka libaki dogo kama punje ya ulezi. Kofia moja inakula miezi. Hii ilikuwa ya baba. Mama aliianza ili baba aivae Idi, Idi ikafika kofia haijaisha, na ilipofika robo tatu mwenye kichwa akaondoka. Mdogo wangu wa kiume ana kichwa kilekile cha baba, kikubwa na cha ubishi, na mama alitaka aivae siku ya dua ya kumtoa eda.

"Nikitoka humu ndani," aliniambia, "nitoke na kazi ya mume wangu imekwisha."

Tatizo nililiona wiki ya pili. Alimimina chai pembeni ya kikombe, akasema kikombe kimesogea. Kila asubuhi alinipa sindano kumi nimtungie uzi, eti kuokoa muda. Siku moja niliingia nikamkuta anaiambia kanzu ya baba, iliyotundikwa nyuma ya mlango, "Karibu, mbona umesimama?" Nilirudi jikoni nikalia, kisha nikampelekea uji nikiwa nimejikaza kisabuni. Na asubuhi nilipomsaidia kutawadha uani, vijana wakiwa wameshatoka, kwenye mwanga wa jua, nikaona ukungu katikati ya macho yake, mweupe, kila jicho na wake.

"Mama," nikamwambia, "twende Kitete. Pale hospitali ya mkoa wapo madaktari wa macho. Eda haimkatazi mgonjwa kutibiwa."

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Macho yako, mama. Hiyo ni mtoto wa jicho. Wanaitoa."

"Jicho si muhogo, watu walimenye." Akapapasa mkeka akaiokota kofia. "Macho yangu mazima. Giza ni la hiki chumba. Baba yako aliniahidi dirisha la kuonea tangu wewe una mimba ya kwanza."

Hapo alikuwa anasema kweli. Nikaona nafasi nikaingia nayo.

"Tukikuwekea hilo dirisha na bado usione, utakwenda Kitete?"

Mama hafungi makubaliano kwa haraka. Alizungusha kofia mkononi kama anayekagua nyanya sokoni.

"Mkiweka dirisha na nisilione tundu la sindano, nitakwenda," akasema. "Na nikiliona, wewe na Kitete yako mtaninyamazia mpaka siku ya kufa kwangu."

Tukapeana mkono. Nilijua, au nilidhani najua, nani atashinda. Na kuanzia siku ile nilifanya kazi ya punda nikimwomba Mungu nishindwe mimi. Nilitamani sana giza liwe la chumba.

Dirisha lilikuwepo. Baba alishanunua zamani vipande vinne vya plastiki ngumu, angavu, ile inayowekwa badala ya kioo kwa sababu mpira wa watoto hauivunji. Alivikata mwenyewe kwa kipimo cha dirisha lile, akachonga fremu ya mninga yenye nafasi tatu, moja juu ya nyingine. Cha nne kilikuwa cha akiba. Ilibaki tu ukuta kupigwa plasta. Ulipopigwa plasta ikabaki rangi. Ilipopakwa rangi, mama akakumbushia, na baba akasema vipande vile ni vizuri mno kwa barabara yenye vumbi, tungoje lami. Lami iliwekwa. Baba akasema lami mpya inapandisha joto, tungoje ipoe. Nadhani lami ilipoa, lakini hakuna aliyekwenda kuishika. Vipande vikabaki stoo, vimeegemezwa ukutani chini ya bati, vimevaa nailoni yao pande zote mbili ili visichakae.

Stoo yetu, kabla mvua hazijaanza, unaweza kuokea mkate. Nilivitoa nje nikavifuta vumbi, nikashika pembe ya nailoni nikaivuta. Pembe ikabaki mkononi mwangu, ndogo kama ukucha, na nailoni iliyobaki haikutikisika. Nikajaribu pembe ya pili. Nikajaribu zote kumi na sita, pande zote mbili. Kwa miaka yote ile nailoni na plastiki vilikuwa vimeoana, na sasa vilikuwa vinaniangalia.

Nikampigia simu mdogo wangu. Yeye ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi, na kila siku ya Mungu anabandika na kubandua protekta.

"Dada, hiyo ni kazi yangu," akasema. "Usiiguse."

Alikuja na mashine yake ya kupuliza hewa ya moto, ile anayobandulia vioo vya simu. Akavaa miwani ya jua bila sababu, akaanza kupuliza. Kwa upana wa kiganja mambo yalikwenda vizuri, nailoni ililegea ikavulika kama utando wa maziwa. Tukaangaliana. Akasogeza mashine karibu zaidi ili tumalize kabla ya adhuhuri. Kipande chote kikaanza kujikunja pembe zikija juu, taratibu, kama chapati iliyosahauliwa kwenye kikaango. Alizima mashine, akakigeuza upande wa pili.

"Hiki ndicho cha akiba," akasema.

"Nini kinanuka?" mama aliuliza toka chumbani.

"Tunapasha moto, mama."

"Mnapasha nini?"

Tukamuuliza kama anataka chai.

Kipande cha pili nilikiharibu mimi, na sina wa kumsingizia. Nilifundisha sayansi darasa la sita kwa miaka mingi, na kuna kiburi kinachobaki mtu akishastaafu. Nikasema tatizo si nailoni, tatizo ni gundi, na gundi huyeyushwa. Nikaenda duka la rangi nikanunua thina, nikakata vipande vya kitenge, nikaanza kufuta. Nailoni ilitoka na gundi yake yote kwa dakika chache. Mdogo wangu aliyekuja kuchukua mashine yake alisimama mlangoni akanipa heshima yangu.

"Mwalimu ni mwalimu," akasema.

Tulikilaza kivulini kikauke. Kilipokauka kilikuwa cheupe uso mzima. Hakikuwa na nailoni wala gundi, na hukuweza kuona kitu chochote kupitia kwake. Ukikiweka mbele ya mtu unaona kwamba kuna mtu, basi. Nilikisugua kwa sabuni, nikakisugua kwa dawa ya meno, kwa sababu niliwahi kusikia kwa mtu, na kikabaki vilevile. Thina ilikuwa imekila uso. Nikakaa kwenye kigoda nimeshika tama. Nafasi zilikuwa tatu, vipande vizima vimebaki viwili, na mama ndani alikuwa ananiita, sindano zote kumi zimekwisha uzi.

Aliyetuokoa ni mpangaji wa chumba cha karibu na geti, mama mmoja wa Goweko. Mumewe yuko kijijini analima tumbaku, yeye yuko mjini kwa ajili ya watoto wanaosoma. Kwa siku mbili alikuwa anafua karibu yetu bila kusema neno, ila akiongea na simu kwa Kinyamwezi alikuwa anacheka, na nilihisi tunahusika. Siku ya tatu alikung'uta mikono akaja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Nyie mnagombana nayo hii. Gundi haitaki ugomvi." Akanionyesha viganja vyake. "Sisi kwetu ukishinda unachuma tumbaku, mikono inakuwa na ulimbo mweusi, hata ugali unakushika. Ukisugua unachubuka bure. Tunapaka mafuta ya taa, halafu tunakaa."

"Mnakaa kwa muda gani?"

"Tunakaa tu. Mpaka ilegee yenyewe. Unaweza ukapika hapo katikati, ila chakula kinanuka mafuta ya taa."

Akatufundisha. Unaichana nailoni mistari midogomidogo kwa kitu kisicho chuma, ili usikwaruze, mimi nilitumia rula ya plastiki niliyokuwa nayo tangu kazini. Unalaza juu yake matambara yaliyoloweshwa mafuta ya taa. Unaweka kivulini, mbali na jiko, unaondoka. Ukirudi unafunua pembe moja, unasukuma kwa ukingo wa rula, na kinachotoka unakipokea kwa shukrani hata kama ni kidogo. Mdogo wangu alisema njia hiyo haina teknolojia. Nikamwambia arudi kibandani kwake.

Ilinichukua siku nane, vipande viwili, nyuso nne. Nailoni ilitoka kwa vibanzi vya ukubwa wa kucha, vingine vikiwa na gundi ya rangi ya asali nyuma yake, vingine vikavu kama maganda ya vitunguu. Vilinata kwenye vidole, kwenye kanga, kuku wakavibeba mpaka kwa jirani. Nilikaa uani na mgongo wangu ukutani kwa mama, naye akikaa ndani na mgongo wake kwenye ukuta huohuo, na tukaongea kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo.

"Imetoka?" alikuwa akiuliza.

"Bado, mama. Nusu."

"Baba yako alikuwa akigundisha kitu, kimegundika."

"Sio yeye aliyeigundisha, mama. Ni kiwanda."

"Kiwanda kiliigundisha ivuliwe. Yeye ndiye aliyeiacha."

Aliyasema bila uchungu, kama anayesoma bei. Uchungu ulikuwa kwangu. Nilimkasirikia baba siku zile nane kuliko nilivyomkasirikia wakati wowote wa uhai wake. Mwanamke amemzalia watoto, amemshonea kofia zote alizovaa, na kazi hiyo yote ameifanya kwa mwanga wa mlangoni, akisogeza mkeka kufuata jua toka asubuhi hadi jioni, kwa sababu kioo chake kilikuwa kizuri mno kutumiwa. Nilimkasirikia nikimwombea rehema, na vyote viwili vilitoka moyoni. Kuna siku nilitupa rula chini kwa nguvu. Mama akauliza nini kimeanguka. Nikasema rula.

Nailoni ilipokwisha niliviosha vipande kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mara tatu, kuondoa mafuta. Mama alitulea kwa sheria moja ya vyombo: kikombe si kisafi mpaka kilie. Unapitisha kidole kwenye ukingo, ukisikia *kwii* unakiweka mezani, usiposikia unarudi karoni. Tulipokuwa wadogo alikuwa anasikiliza toka chumba kingine, na ulikuwa huwezi kumdanganya. Nikapitisha kidole kwenye kipande cha kwanza. Kikalia. Cha pili kikalia.

"Hivyo vimetakata," mama alisema toka ndani. Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa mbele ya wenzake.

Mdogo wangu alikuja na nyundo siku ya Ijumaa, baada ya sala, tukazing'oa mbao za zamani tukaipachika fremu ya baba. Iliingia bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Miaka yote ile, na bado kipimo chake kilikuwa sawasawa, na hilo nalo liliniuma. Mama alikaa kitandani na kanga yake kichwani akisikiliza. Tukaweka kipande angavu nafasi ya chini, na angavu cha pili nafasi ya katikati, na juu kabisa, pasipo na umuhimu, tukaweka kile changu cheupe. Mdogo wangu akatoka barabarani kuangalia kazi.

Alirudi haraka.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Anaonekana."

Nikatoka. Kweli. Nikiwa nimesimama kando ya lami, mahali anaposimama muuza karanga, niliona kitanda, niliona mswala, niliona mguu wa kuume wa mama na soksi yake. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo akatupungia mkono. Siku nane zote zile nilivua nailoni nikiwaza mwanga unavyoingia, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewaza kwamba mjane aliye edani asiyekaa uani kwa sababu ya vijana wawili hawezi kuwekwa kwenye kioo mbele ya mji mzima.

Mama alishaelewa. Alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni.

"Mmeniweka dukani," akasema. "Bado bei tu."

Mdogo wangu akashauri pazia. Nikamwambia pazia linarudisha giza, na makubaliano yangu na mama hayakuwa ya pazia. Tukasimama tukiliangalia lile dirisha. Na hapo wote wawili tukainua macho kwa pamoja kwenye kipande cha juu, kile kilicholiwa na thina, ambacho ukikitazama unajua kuna mtu, basi. Sakafu ya nyumba yetu iko juu kuliko barabara. Kichwa cha mpita njia hakivuki nafasi ya chini.

Tukavishusha vyote, tukapanga upya. Cheupe chini, angavu viwili juu. Nikatoka tena barabarani. Chini niliona ukungu mweupe, na juu, ubao wa dari na ncha ya ukuta. Mtu hakuonekana, na mwanga uliingia wote.

"Ndiyo maana sikukuzuia kutumia thina," mdogo wangu alisema. Anaendelea kulisema hilo mpaka leo, mbele ya watu.

Jua la alasiri linapiga upande ule wa nyumba. Niliporudi chumbani nilisimama mlangoni, maana sikukijua. Ukuta ambao miaka yote hiyo nilidhani ni wa kijivu ulikuwa wa kijani, kijani cha majani ya mgomba, rangi aliyoichagua baba tukamcheka kwamba ameshindwa kuchagua. Niliona pini sakafuni. Niliona vumbi likielea, na kushona kwa chandarua, na mikunjo ya mikono ya mama. Mwanga ulikuwa hata chini ya kitanda. Nikasema kimyakimya, Mungu wangu, nishinde leo kwa kushindwa.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, chini ya dirisha kabisa, kofia ya baba magotini. Alikuwa anatabasamu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno, akailowesha ncha mdomoni. Akainua sindano.

Uzi ulipita kando ya tundu. Akaulowesha tena. Ulipita kando upande wa pili. Mara ya tatu alisogeza sindano mbali na uso, akaileta karibu, akaikunja shingo, na uzi ukapita juu yake, mbali, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mdogo wangu alitoa simu akawa anaiangalia, na simu ilikuwa imezimwa. Mimi niliangalia ile pini sakafuni.

Mama akainua uso kwenye dirisha, kwenye kile kipande cha juu kabisa, kilicho kisafi kuliko vyote.

"Kile cha juu," akasema, "mmesahau kutoa nailoni."

Nilichukua kitambaa kikavu, nikavuta kigoda, nikapanda, nikaanza kukifuta kile kipande ambacho nilishakiosha mara tatu. Nilifuta kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Kikalia chini ya kitambaa, *kwii*. Nikafuta tena. Kikalia tena.

"Acha, mwanangu," mama alisema. "Kimelia. Kisafi."

Nikashuka. Aliichomeka sindano kwenye ukingo wa kofia, pale alipofikia, akiyapapasa matundu moja baada ya jingine bila kuruka hata moja. Akaikunja kofia mara mbili, akampa mdogo wangu aishike. Kisha akanyoosha mkono akautafuta wangu.

"Buibui langu jipya limo kwenye boksi, huko chini ya kitanda," akasema. "Bado liko ndani ya nailoni yake. Litoe, kesho nilivae twende Kitete."

Nikapiga magoti, nikalivuta boksi.